Kiganja juu ya kitochi

Ilikuwa saa mbili kasoro usiku, nimeshaanza kuhesabu hela nifunge, alipofika mama mmoja kwenye kibanda changu cha uwakala wa pesa za simu hapa Mwanga, Kigoma, akiwa ameshika kitochi, simu ndogo ya vibonyezo, kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kikombe cha uji wa moto.

"Kaka, nisaidie kutoa hela."

"Weka kiasi, halafu namba yako ya siri."

"Siyo yangu. Ya baba watoto."

Baba watoto ni mvuvi. Asubuhi ya siku hiyo, akitoka mwalo wa Kibirizi na usingizi wa usiku mzima machoni, bodaboda ikamgonga. Alikuwa wodini, anapumua lakini hajitambui. Mgao wake wa giza lile, zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo wavuvi huvua kwa taa, mwenye mtumbwi alikuwa ameshautuma, na ujumbe ulisomeka vizuri kabisa kwenye kioo: shilingi 184,000. Hela zipo. Mgonjwa yupo. Karatasi ya dawa ipo, imekunjwa mara nne kwenye kiganja cha mama. Zilizokosekana ni tarakimu 4.

Alijaribu mwaka aliozaliwa mtoto wao wa kwanza. Ikakataa. Akajaribu mwaka aliozaliwa mume mwenyewe, ingawa huo nao hakuwa na uhakika nao sana. Ikakataa tena, na simu ikamwandikia kwamba amebakiza jaribio moja.

"Mama, usibonyeze tena. Ukikosea hii, inafungwa."

Akaacha. Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa ambayo wateja wangu hukalia, kitochi mapajani. Nikamweleza kinachofuata ikifungwa: lazima aje mwenye laini, na kitambulisho, na kidole. Tangu ile Januari ya 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, laini ni ya kidole. Na kidole chenyewe kilikuwa wodini, ndani ya bandeji.

Angekuwa amefariki, Mungu apishe mbali, kuna njia: kikao cha ukoo, mahakama ya mwanzo, msimamizi wa mirathi. Ni njia ndefu lakini ipo. Kwa mtu aliyelala tu, saa mbili usiku, hakuna mlango wa kugonga.

Nikatoa 30,000 zangu, nikaandika kwenye daftari la madeni. Mama akazifunga kwenye pindo la kanga, akasimama, akapiga hatua mbili, akageuka.

"Kaka, wifi anaijua yako?"

"Anaijua," nikasema.

Haijui.

## Mwiba wa mgebuka

Neno lenyewe moja tu, na nililitoa haraka kuliko ninavyotoa chenji. Lakini lilinikwama kooni wiki tatu nzima, kama mwiba wa mgebuka, samaki wa ziwa letu. Kila mteja aliyeinama kuficha namba yake nilimsikia yule mama akiuliza tena.

Mimi na mama watoto tuna miaka 9 ndani ya ndoa. Harusi yetu ilikuwa na kamati, michango, MC aliyepiga kelele mpaka sauti ikakauka, na keki ya ngazi tatu ambayo ngazi ya chini ilikuwa boksi lililopakwa krimu. (Hilo nililijua baadaye. Nilikuwa nimeshalipia.) Picha kubwa ipo sebuleni. Siku yangu ya kuzaliwa ananiweka "status" na maua. Ukiuliza mtaani kwetu watakuambia wale wameshikana.

Na bado, ile bodaboda ingenigonga mimi, mke wangu angekuwa amekaa kwenye ndoo ya wakala mwingine, anakisia.

Nilikuwa na kisingizio kizuri, tena cha kikazi. Kutwa nzima nawaambia watu: namba ya siri ni ya kwako peke yako, usimpe mtu yeyote, hata wakala. Ni onyo la maana. Limeokoa wengi na wale vijana wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Lakini mimi nilikuwa nimechukua onyo la matapeli nikalihamishia kwa mke wangu, na sikuwahi kukaa nikajiuliza lilivuka mlango wa nyumba yangu lini.

Msije mkadhani nina mchepuko. Sina. Ninachoficha ni vitu vidogo, na nadhani ndiyo maana vinauma kuviandika. Kuna 20,000 ninayomtumia mama yangu Kasulu kila mwisho wa mwezi, hata mwezi ule ambao nyumbani nimesema hali ni mbaya. Kuna mkeka wa kubeti wa buku kila Jumamosi. Kuna deni la rafiki mmoja ambaye nilimwambia mke wangu nimeshamkatia mguu. Mtu hafungiwi jela kwa hayo. Ila ukiyapanga kwenye taarifa ya miamala, moja chini ya lingine, yanatengeneza mtu ambaye yeye hajawahi kuonyeshwa.

## Kutoka dirishani

Wakala wa Kigoma anaujua mwezi kuliko shehe anayetafuta mwandamo. Giza likiingia, wavuvi wanashuka ziwani na taa zao, na baada ya siku mbili tatu hela inaanza kuja kibandani. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, na mimi napokea watu wanaotoa elfu mbili mbili.

Kwenye mzunguko huo huo naona ndoa. Sizioni za sebuleni. Naziona zikija dirishani na simu.

Kuna baba mmoja (nimebadilisha vya kutosha asijitambue) anayekuja kila Alhamisi kulipa marejesho ya mkopo wa kausha damu. Mkopo si wake. Aliuchukua mkewe kimya kimya, biashara ikafa, na baba akagundua siku wakopeshaji walipokuja kubeba godoro. Hakupiga kelele. Alichoniomba ni kimoja: nimpe risiti ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono wangu, apeleke mwenyewe kwa wale watu, ili mkewe asiitwe tena kwenye kikundi kusomewa jina mbele ya wenzake. Wiki 14 hizo, nimehesabu. Kwenye kipaimara cha mtoto wao niliwaona wamekaa meza tofauti, kila mmoja na ndugu zake, na mtu asiyejua angesema hawa hawana maelewano.

Halafu kuna mwalimu na muuguzi. Mume yuko Kakonko, mke yuko hapa mjini. Walisajili laini ya tatu kwa jina la mke, ya kujengea. Chipu anakaa nayo mume. Namba ya siri anaijua mke tu. Kila mmoja anatuma chochote alichonacho, na hakuna anayeweza kutoa hata mia bila mwenzake. Likizo wanakuja wote wawili, mume anachomoa chipu kwenye kikaratasi alichokikunja kwenye pochi, anaiweka kwenye simu, anampa mke, mke anabonyeza. Hawazungumzi sana. Mara ya mwisho walitoa hela ya bati.

Nilipowaona mara ya kwanza nikasema moyoni: hawa hawaaminiani. Siku hizi sina uhakika. Inaonekana walikaa chini siku moja, kila mtu akamwambia mwenzake udhaifu wake ni upi, halafu wakatengeneza kitu cha kuuzuia. Sijui wanandoa wangapi wamewahi kufanya mazungumzo hayo. Mimi sijayafanya.

Na kuna mzee wa Ujiji ambaye macho yamekwenda. Bibi ndiye anayebonyeza, mzee anageuza uso pembeni, anatazama barabarani, kama ambavyo sisi mawakala tumefundishwa kufanya. Siku moja nikamtania: mzee, unageuka wa nini na simu ni yako? Akasema, "Huyu akibonyeza sipendi kumsimamia."

## "Umefanya nini?"

Jumapili moja usiku nikaamua. Watoto wamelala. Mama watoto alikuwa jikoni anahamisha mawese kutoka kwenye dumu la lita 20 kwenda kwenye chupa za maji. Huyafuata Mwandiga, huyauza hapa mtaani, na mengine huyapakia kwenye basi kwa dada yake Dodoma. Kulikuwa na kibaridi, mafuta yalikuwa mazito, yanashuka kwa uvivu. Ukiyaharakisha yanamwagika, na mawese yakimwagika kwenye sakafu ya saruji utayatazama mpaka utakapohama nyumba.

"Mama Neema, nataka nikuambie namba yangu ya siri."

Hakuinua kichwa. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Baba Neema, mtu haamki tu usiku akasema anataka kutoa namba ya siri. Nani anakudai?"

Ikabidi nimweleze yule mama, kitochi, karatasi ya dawa. Nikamweleza na swali la wifi, na jibu langu. Hapo akasimamisha dumu wima, akafuta mikono kwenye kitenge, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atalainika. Kusema kweli, nilikuwa nimeshaiona sura yake kichwani, sura ya mwanamke aliyepewa kitu.

"Sitaki," akasema.

Sikuelewa.

"Sitaki namba yako. Kwenye hiyo simu kuna hela zako, na hela za kazi, na za watu waliokuachia mpaka kesho. Siku elfu tano isipoonekana utaniangalia. Hutasema, ila utaniangalia. Mimi nitakuwa nalinda pesa ambazo sina kauli nazo. Baki nayo."

"Sasa nikipata tatizo?"

"Ukipata tatizo nitauza mawese, kama nilivyouza." Akainua dumu tena, akalilaza kwenye mdomo wa chupa. "Kama unataka kunipa kitu, Baba Neema, kile kiwanja cha Gungu kimeandikwa jina la nani?"

Nikasikia mafuta yakiingia kwenye chupa.

## Jina moja

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa. Mnakumbuka: kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, nchi zote 4 zinazopakana na Tanganyika zilikubaliana samaki wapumzike, wazaliane. Sina ugomvi na hilo. Lakini wakala anayeishi kwa wavuvi naye alipumzishwa. Kulikuwa na siku nilifungua kibanda asubuhi nikafunga jioni na kamisheni isiyonunua hata mkate. Miezi ile mitatu tulikula mawese, tukalipa kodi kwa mawese, na ada ya mtoto ni mawese. Yeye hajawahi kunikumbusha mpaka usiku ule.

Ziwa lilipofunguliwa nikainuka, nikaweka. Yeye alikuwa kwenye mchezo wa wanawake 12, laki moja kila mwezi, na zamu yake ikaangukia Desemba: 1,200,000. Mimi nikatoa 1,200,000. Januari 2025 tukanunua kiwanja Gungu kwa 2,400,000.

Mkataba wa mauziano tuliuandikia kwa mwenyekiti wa mtaa. Tulikuwepo mimi, mzee muuzaji na mwanawe, jirani wa upande wa mwembe, na kaka yangu kama shahidi wangu. Mnunuzi: mimi, majina yangu matatu. Hakuna aliyeuliza mke wako yuko wapi, na mimi sikuliona pengo. Alikuwa nyumbani anatupikia pilau. Tuliporudi tukala, tukanawa, kaka akamsifia wali.

Nikimkumbuka akipita na jagi la maji ya kunawa, akimwagia maji mikononi mashahidi wa kiwanja chake, natamani kufunga macho.

Kuna dada mmoja msaidizi wa kisheria anayetolea hela kwangu. Nilimuuliza kijuujuu, kama vile namuulizia rafiki. Akacheka, maana kila mtu humuulizia rafiki. Kisha akanipa vifungu viwili vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na nilipofika nyumbani nikavisoma mwenyewe kwenye simu.

Cha 59 nilikuwa nakijua kwa kusikia: mwanandoa hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nikapumua. Lakini nyumba ya ndoa ni ile mnayoishi, na Gungu kuna nyasi na mawe manne ya mipaka. Cha 60 ndicho kilichonifanya niweke simu chini. Mali ikipatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja, sheria inaanza kwa kudhani ni ya huyo mmoja peke yake, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, inaanza kwa kudhani haki zao ni sawa.

Yaani mimi nikianguka kesho, au nikigeuka shetani kesho, ni yeye wa kutafuta ushahidi. Mchezo wa akina mama hauna risiti. Una daftari la mwenyekiti wao, lenye alama za vidole vya mafuta.

## Nilichoogopa

Ningependa kuandika kwamba kesho yake asubuhi nilikwenda kwa mwenyekiti. Sikwenda. Nilikaa zaidi ya wiki mbili.

Nilisema niko bize. Kisha nikasema muuzaji kasafiri, wakati nilimwona kwa macho yangu anacheza bao chini ya mwembe. Kisha nikampigia kaka yangu simu, nikitafuta, sasa naliona wazi, mtu wa kunikataza. Akanikataza.

"Mdogo wangu, mwanamke akishaanza kuulizia karatasi, ujue kuna mahali anakwenda."

Maneno hayo yalinikaa kwa sababu yalikuwa ya kwangu tayari. Mke wangu aliposema Gungu, wazo langu la kwanza halikuwa mawese wala pilau. Lilikuwa: kwani anataka kuniacha? Mtu amekuomba umwandike kwenye kitu alichokinunua, na wewe unasikia mwizi anapima kufuli.

Nikageuza upande wa pili. Mbona mimi kuwa na jina langu pale hakukumaanisha kwamba nina mahali nakwenda? Nilikuwa nimeandikwa peke yangu zaidi ya mwaka, na nililala vizuri kila usiku.

Yule dada wa sheria alinitajia pia kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Hiyo ndiyo iliyosema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa: kupika, kulea, kutunza. Ni kesi kubwa, wanafunzi wa sheria wanaikariri. Kinachosahaulika ni kwamba Bi Hawa mwenyewe alishinda hoja akakosa mgawo, maana mahakama iliona hela alizopewa na mumewe zamani kwa ajili ya mradi alikuwa ameshazitumia vibaya. Wake wengine wote wakafaidika na jina lake. Yeye akarudi alivyokuja.

Nilikaa na hiyo kesi usiku mmoja mzima. Sikuogopa tena kwamba mke wangu ataniburuza mahakamani. Niliogopa kwamba siku ikifika atalazimika kusimama mbele ya mtu asiyemjua, aanze kuhesabu chupa za mawese.

## Amerudi na magongo

Mwishoni mwa wiki hizo yule mvuvi alikuja.

Alikuwa kwenye magongo, amekonda, kovu bichi juu ya nyusi. Mkewe alikuwa naye, amembebea begi. Nilifurahi mpaka nikatoka nje ya kibanda kumpa mkono. Akanishukuru kwa ile 30,000, akasema leo amekuja kuilipa. Aliamka siku ya tatu, akaniambia. Siku ya tatu! Kwa siku mbili zile, mama aliniambia pembeni, dawa zilinunuliwa kwa kanga zake mbili na redio.

Akatoa kitochi. Kile kile. Mke akasimama begani kwake. Nikamwambia aweke kiasi, halafu namba ya siri, na nikageuza uso kama kawaida. Lakini kioo cha kabati langu la vocha kinaonyesha kila kitu, na nilimwona. Akaegemeza gongo moja kwapani, akainua mkono wa kushoto uliokuwa bado unatetemeka, akauweka juu ya kitochi kama pazia. Akabonyeza tarakimu nne chini ya kiganja.

Mkewe akatazama barabarani.

Sijui alikuwa ananificha mimi au yeye. Inawezekana ni mazoea ya mkono tu, mkono haujui kilichotokea kichwani. Inawezekana walishaambiana nyumbani na hapa ni desturi ya mbele ya wakala. Nimejitahidi kuamini hivyo. Lakini ule uso wa mama kutazama barabarani, sikuona ndani yake uhuru wa yule mzee wa Ujiji. Aliangalia bajaji zikipita, moja baada ya nyingine, akiwa na begi la mume mkononi.

Alinilipa 30,000. Nikakata jina lao kwenye daftari. Jioni nikamtafuta mwenyekiti wa mtaa.

## Andika vizuri

Mwenyekiti hakushangaa. Alisema tunaweza kuandika mkataba upya, ule wa zamani ufutwe kwa maandishi, ila muuzaji awepo, na shahidi wangu naye awepo. Muuzaji alikuja kwa sharti la soda. Kaka yangu alikuja kwa sharti la kutosalimiana sana.

Safari hii hakukuwa na pilau. Mama watoto alivaa gauni la kanisani, akabeba mkoba, ndani ya mkoba kuna kitambulisho cha taifa na kalamu yake mwenyewe. Njiani kwenye bajaji nilimpa bahasha. Nilikuwa nimeandika namba ya siri kwenye karatasi, nikaweka ndani, nikabandika kwa gundi. Akaigeuza, akatoa kalamu, akasaini juu ya mshono wa bahasha, akanirudishia nisaini na mimi. "Hivyo sawa," akasema. "Ikifunguliwa, wote tutajua imefunguliwa siku gani." Inakaa ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto wa mwisho. Nakiri nimeshakwenda kuichungulia mara mbili. Haijaguswa, na mara zote mbili niliumia kidogo.

Ofisini tukakaa kwenye benchi. Mwenyekiti anaandika kwa mkono, polepole, herufi zimelala kulia. Akaandika jina la muuzaji. Akaandika jina langu. Akamtazama mke wangu juu ya miwani.

"Na wewe mama, tukuandike mke wa mnunuzi?"

Kaka yangu akakohoa.

"Mnunuzi," akasema mama watoto.

Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali, akainamia karatasi. Mimi niliyekuwa karibu niliona kalamu inavyokwenda: Mnunuzi wa pi...

"Wa pili kwa nini, mwenyekiti?"

Mzee wa watu akasimama. Akatazama alichoandika, akanitazama mimi, akamtazama muuzaji, ambaye alikuwa anahangaika na kizibo cha soda. Akavuta karatasi nyingine safi kutoka kwenye droo, akaanza mwanzo.